Usiku wa "nilitoka sawa"

BARUA

Yaya, mkubwa wangu, jambo. Pole na kazi ya kusoma matatizo ya watu. Langu ni hili, na nakuomba usitaje ninakofanya kazi.

Nina miaka 34, ni fundi umeme kwenye mgodi mmoja karibu na Lubumbashi. Tunakaa Kampemba, tuna watoto watatu. Bibi yangu, mama yao, anauza samaki, kapenta na makayabu, kwenye soko la Kenya hapa hapa mjini. Tangu mwezi wa pili ninacheza poka kila Ijumaa kwa rafiki yangu mmoja. Tunakuwa watu wanane. Kila mtu anaingia na franka 50,000, anapewa jetoni za kuwekea dau, na zikiisha anaweza kununua tena. Mwenye nyumba anakata franka 1,000 kwenye kila mgao wa karata: ndiyo ya kuku wa saa sita, jenereta na usumbufu. Tunaanza saa nne ya usiku, tunaachana saa kumi alfajiri.

Sichezi ovyo. Karata mbaya natupa, sifuati kila dau kama wengine. Nina hata daftari. Nikishinda naandika tarehe na nilichotoka nacho. Mpaka sasa nimeandika Ijumaa 11, jumla franka 1,240,000. Tumekwisha kucheza karibu Ijumaa 30. Zile nyingine sikuandika, na sikuwa na nia mbaya. Siku nyingine nilitoka kazini nimechoka, siku nyingine nilikunywa, siku nyingine ilikuwa bahati mbaya tupu, nikaona si haki kuzichanganya na siku nilizocheza vizuri. Kwa mfano, mwezi wa saba nilishika asi mbili, nikafanya tapi, jetoni zote katikati. Mwenzangu akafuata na wafalme wawili. Karata ya mwisho kabisa kugeuzwa ikawa mfalme, akawa na watatu, nikapoteza. Usiku kama huo nikuandikie nini?

Nikishinda narudi na kuku wa kuchoma, picha ya jetoni naiweka kwenye status ya WhatsApp. Nikipoteza, bibi yangu akiuliza namwambia: "Nilitoka sawa." Hajawahi kubisha. Ila Jumatatu asubuhi baada ya usiku wa namna hiyo nakuta ameniwekea nauli juu ya meza, chini ya kikombe, na mimi sikuomba. Mara moja, mwezi wa sita, niligusa makuta ya kitemo (fedha za mchango wa zamu anaochanga na wanawake wenzake) aliyonipa nimpelekee mama mweka hazina. Niliyarudisha Jumatatu, nilikopa kazini.

Sasa kuna mdogo wangu. Ana miaka 24, anaendesha pikipiki ya taksi upande wa Katuba, lakini pikipiki ni ya mtu, kila jioni anapeleka hesabu. Status zangu zote anaziona. Pia aliona kwenye simu habari za yule Mmarekani, Chris Moneymaker, aliyegeuka milionea kwa poka. Wiki iliyopita alikuja na bahasha ya dola 400, alizokuwa akiweka anunue pikipiki yake mwenyewe. Akasema: "Yaya, nichezee. Faida tugawane nusu kwa nusu." Nikapokea. Sijui kwa nini nilipokea. Bahasha iko kabatini, ndani ya kiatu.

Nimrudishie na kumwambia kwamba siku hizi meza imekauka? Au nicheze nazo kidogo kidogo, nimpatie hata dola 50 juu, kisha nimalize mambo kwa heshima? Na bibi yangu nimwambie, au yaliyopita tuyaache?

Wa Ijumaa, Kampemba

JIBU

Mdogo wangu, jambo. Barua yako niliisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu, kwa sababu umenipa hesabu yote halafu kujumlisha umeniachia mimi.

Ijumaa 30, umeandika 11, zimebaki 19. Nikuhurumie kwanza: tuseme katika zile 19 ulipoteza 50,000 zako za kuingilia na ukasimama hapo, hukununua tena hata siku moja. Hiyo ni 950,000. Ukitoa kwenye 1,240,000 zako, umebakiza faida ya 290,000. Si vibaya.

Lakini kuna neno moja lilinisimamisha. Umesema unaandika "nilichotoka nacho". Ulichotoka nacho, au ulichoongeza juu ya ulichoingia nacho? Kama uliingia na 50,000 ukatoka na 120,000 na ukaandika 120,000, basi ushindi wako ulikuwa 70,000, zile nyingine zilikuwa zako tangu nyumbani. Mara 11, ni 550,000 ambazo umejipongeza nazo na zilitoka mfukoni mwako mwenyewe. Tukizitoa, ushindi wako wote unashuka mpaka 690,000, na hata kwa ile hesabu ya huruma uko chini kwa 260,000. Na mimi siamini kwamba hukununua tena. Mtu aliyegusa makuta ya kitemo hakugusa ili anunue sukari.

Usione haya sana kwa kosa hilo la kuhesabu, maana liko na wakubwa wako. Orodha za dunia za wachezaji wa poka na mamilioni waliyoshinda kwenye mashindano huhesabu walichopokea, ada za kuingilia hazitolewi. Shindano kuu la Las Vegas, lile la World Series, kiingilio chake ni dola 10,000. Mtu anaweza kulipa kiingilio hicho mara kumi, akapata zawadi moja ya dola 60,000, na kwenye orodha akasomeka ameshinda 60,000. Mkewe ndiye anayejua kwamba wamekula hasara ya 40,000.

Tupite kwa mwenye nyumba, kwa sababu umemtaja haraka kama mtu anayetaja mvua. Anakata 1,000 kwenye kila mgao. Meza ya watu inagawa karata kama mara 25 kwa saa. Saa sita ni migao 150, kwa hiyo ni franka 150,000 kila Ijumaa. Mgawanye kwa watu wanane: 18,750 kila mmoja, kabla hujakosea lolote. Kwa Ijumaa 30, meza yenu imemwachia 4,500,000, na sehemu yako ni zaidi ya nusu milioni. Kuku wenu wa saa sita ana bei ya mbuzi. Sisemi anawaibia, mlikubaliana naye. Ila mkiwa wanane mnaogombania makuta yanayopungua kila dakika mbili na nusu, hata "kutoka sawa" kwa kweli ni kazi ngumu, kunataka uwe umewashinda wenzako kidogo. Ungekuwa unatoka sawa mara 19, ningekuheshimu kama fundi.

Sasa asi zako. Nakupa pole, inauma. Asi mbili dhidi ya wafalme wawili, jetoni zote zikiingia kabla karata za meza hazijafunuliwa, zinashinda kama mara nne kwa tano. Hiyo ya tano ndiyo ilikukuta, na itakukuta tena. Lakini angalia: asi mbili mtu anazipata kwa wastani mara moja katika migao 221, na ninyi usiku mzima mnapata 150. Umenisimulia mgao mmoja. Ile 149 mingine je? Ile ya saa nane, kichwa kikishapata moto, unafuata dau na karata ambazo saa nne ungetupa, ukisema nirudishe tu zangu niende? Wacheza poka wote, wa Kampemba na wa Las Vegas, wana hadithi ya asi zilizovunjwa. Inasimuliwa kwa sababu haina mkosaji. Kile kingine, kununua jetoni mara ya tatu saa tisa ya usiku, hakina msimuliaji.

Bahati mbaya ni sehemu ya mchezo, mdogo wangu, haiko nje yake. Ukizitoa siku za bahati mbaya kwenye daftari, zitoe na za bahati nzuri. Hujazitoa. Zile Ijumaa 11 hukuandika hata moja kwamba "hii ilikuwa bahati tu".

Niseme yangu pia, usidhani nazungumza kutoka juu ya mti. Miaka mingi iliyopita nilikuwa nanunua vitenge Kasumbalesa mpakani na kuuza huku kwa kukopesha. Kila aliyeniuliza, nilimwambia biashara inatembea. Nilikuwa nahesabu vitenge vilivyotoka, siyo makuta yaliyorudi. Binti wa mama mdogo akanisikia, akachukua makuta ya mahari yake akaingia. Mimi nilikuwa na baba wa kunifunika nilipoanguka. Yeye hakuwa na mtu. Mpaka leo tukikutana kwenye matanga tunasalimiana kwa ncha za vidole. Sikumdanganya hata senti moja, nilikuwa nasema tu mambo yanaenda. Ndiyo maana nilipofika kwenye bahasha ya mdogo wako niliweka kalamu chini nikaenda kunywa maji.

Njia ya kwanza uliyotaja, kumrudishia na kusema meza imekauka, ni mbaya kuliko unavyofikiri. Atachukua dola zake na imani yake yote. Meza yako imekauka, basi atatafuta ambayo haijakauka, na zipo, kwenye simu usiku kucha hazifungwi. Atakuwa anakwenda kwa sababu kaka yake alishinda milioni. Njia ya pili, kucheza nazo kidogo kidogo, hapo umenichekesha kwa uchungu. Umekaa Ijumaa 30 na zako ukashindwa, leo utashinda za mtu mwingine kwa sababu unamhurumia? Karata hazina habari kwamba hizo ni za pikipiki. Na hata ukipata hizo dola 50 ukampa, utakuwa umemnunulia ushahidi.

Kwa hiyo bahasha itoke kiatuni leo, noti zile zile. Usimwite kwako, watoto watasikiliza. Nenda Katuba anakoegesha, saa ambayo abiria ni wachache, ukae naye. Kabla ya kwenda, fanya kazi moja ya usiku mmoja: chukua simu yako. Sidhani ulikuwa unatembea na 100,000 mfukoni kila Ijumaa. Ulikuwa unatoa kwa wakala. Meseji za M-Pesa au Airtel Money bado ziko, zina tarehe na saa. Zitafute za kila Ijumaa jioni, na hasa zile za saa saba au saa nane za usiku, ulipomtuma mtu akakutolee au ulipomtumia mwenzako wa mezani ili akupe jetoni. Ziandike zote kwenye daftari lile lile, mbele ya zile 11, kwa kalamu ile ile. Ambayo huikumbuki iandikie "sikumbuki, nilinunua angalau mara moja". Jumlisha chini. Usimpelekee mdogo wako maneno, mpelekee ukurasa huo.

Umwambie hivi, au karibu na hivi: "Zile picha ulizoziona ni Ijumaa 11. Kulikuwa na 19 nyingine sikuzipiga picha. Jumla ni hii hapa. Dola zako hizi." Kisha unyamaze. Atakuuliza kwa nini, na hapo usilete hadithi ya asi. Mwambie uliona haya.

Akikuletea tena habari za Chris Moneymaker, usizikane, ni za kweli. Mwaka 2003 alishinda shindano hilo la Las Vegas, akapewa dola milioni 2.5, na alikuwa mhasibu tu aliyepata nafasi yake kupitia shindano dogo la kwenye intaneti. Sasa mwulize mdogo wako amtajie mtu mwingine yeyote aliyekaa kwenye shindano hilo. Walikuwa 839. Wale 838 hawana status.

Bibi yako ni mambo mengine kabisa, na kwake nitakuwa mfupi kwa sababu hakuna siri ya kufunua. Mwanamke anayepima kapenta kwa kopo kutwa nzima, anayejua kwa jicho kwamba kopo limepungua samaki kumi, unamwambia ulitoka sawa? Ile nauli chini ya kikombe ndiyo jibu lake. Anakuambia najua huna hata ya kufika kazini, na sitaki watoto wajue. Amekuwa akilipa Ijumaa zako kwa makayabu, kimya kimya, na wewe umeandika kwamba "hajawahi kubisha" kana kwamba ni habari njema.

Mwonyeshe ukurasa ule ule aliouona mdogo wako, wala usimtengenezee mwingine. Na jambo la kitemo litoke kinywani mwako kabla halijamfikia kwa mlango mwingine, kwa maana kitemo si makuta yake peke yake, ni jina lake mbele ya wale wanawake wote. Ukimwambia kwamba uliyarudisha Jumatatu, mwambie pia ulikoyatoa. Deni la kazini limekwisha? Barua yako haikusema.

Unataka kujua kama uache. Hukuuliza, lakini iko kati ya mistari. Mimi si mtu wa kusema karata ni shetani. Nimewaona wazee wakicheza karata miaka 40 na nyumba zao zimesimama. Kama Ijumaa ni furaha yako, na 50,000 ni kiasi ambacho ninyi wawili mmekubaliana kiende kama watu wengine wanavyonunua tiketi ya mechi ya Mazembe na chupa mbili za bia ya Simba, cheza, poteza, rudi useme "nimepoteza 50,000" ulale. Zikiisha hizo unavaa koti. Ila kwanza pima jambo moja. Mwongozo ambao madaktari wa akili wa Marekani waliutoa mwaka 2013 unataja ishara 9 za ugonjwa wa kamari, na mtu akiwa na nne au zaidi ndani ya miezi 12 wanahesabu ni mgonjwa, kama malaria ilivyo ugonjwa. Mojawapo ni kuficha kwa uongo kiasi unachocheza. Nyingine ni kurudi siku nyingine ili ukomboe ulichopoteza. Nyingine ni kutegemea makuta ya watu kuziba pengo la mchezo. Nimekutajia tatu, na mbili kati yake nimezikuta kwenye karatasi mbili za barua yako bila kutafuta. Ile ya kurudi kukomboa, jibu unalo wewe. Nyingine ni kushindwa kuacha kila unapojaribu, na kukosa raha au kuwa mkali ukipunguza. Jaribu Ijumaa nne mfululizo bila kwenda, uone mkono unafanya nini saa nne ya usiku. Kama hukai, usingoje barua yangu nyingine, nenda hospitali uombe kuonana na daktari wa magonjwa ya akili, na umwambie kama ulivyoniambia mimi.

Ukirudi mezani, daftari liwe na mistari ya kila Ijumaa, zote: ulichoingia nacho, ulichoongeza, ulichotoka nacho, saa ya kuingia na ya kutoka, taksi na vinywaji. Andika ukiwa bado na viatu miguuni. Nasema viatu kwa sababu usingizi ni mhasibu mwizi: ukilala, asubuhi 100,000 zitakuwa zimekuwa 70,000, na 20,000 katika hizo zitakuwa "zilikuwa za chakula hata hivyo". Wala usitegemee kwamba daftari hilo litakuambia kama wewe ni fundi wa poka. Kwa Ijumaa 30 umeona migao kama 4,500, na wanaojua mchezo huu wanataka makumi ya maelfu ndipo waanze kutofautisha ufundi na bahati. Kwa mwendo wenu huo, utakuwa na mvi. Litakuambia tu makuta yamekwenda wapi, na kwa nyumba yenye watoto watatu hilo ndilo tulilokuwa tunatafuta.

Status unaweza kuendelea kuweka. Lakini weka na moja ya saa kumi alfajiri, meza tupu mbele yako. Mdogo wako aione.

Na Jumatatu ukikuta nauli chini ya kikombe, usiichukue. Iache pale pale, utembee mpaka kazini ikibidi, au uombe gari la mwenzako. Jioni mkae wawili, na daftari katikati.